Tangazo Lililopata Kikombe

(Kumbukumbu kamili za hotuba ya Naibu Mkurugenzi wa Rasilimali Watu, Mabadiliko na Mwelekeo, Idara ya Mizani na Vipimo. Imetolewa siku ya Jumatano saa nne asubuhi, uani, mbele ya mlango wa ukumbi, kwa kuwa ukumbi umefungwa. Yaliyo ndani ya mabano ni ya karani, ambaye ameagizwa aandike kila kitu, naye ameandika kila kitu.)

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu na Mgeni wetu Rasmi, ambaye kiti chake kiko wazi kwa kuwa bado yuko njiani. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, aliyetuma udhuru. Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi, mliotuma udhuru wa pamoja, jambo linaloonyesha mshikamano. Wakuu wa Vitengo, Wakuu Wasaidizi wa Vitengo, Makaimu wa Wakuu Wasaidizi na wale mnaowashikia nafasi Makaimu. Wakaguzi wa Mizani, na nyinyi Wasaidizi wa Wakaguzi mliokalia mawe ya kilo hamsini. Dereva wa Mkurugenzi Mkuu, ambaye nashangaa umefika kabla ya unayemwendesha. Waombaji wa kazi mia tatu na kumi na wawili. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

(Makofi. Naibu Mkurugenzi amesimama juu ya mizani ya kupimia magunia, kwa kuwa ndiyo sehemu iliyoinuka kuliko zote uani. Mshale uko kwenye kilo tisini na sita. Dereva amenyoosha mkono, akasema: "Mzee nilimleta mimi mwenyewe saa moja asubuhi." Hakusikilizwa.)

Asante dereva, ripoti ya safari utaiandika. Ndugu zangu, kwanza niwaondoe wasiwasi. Tumesimama hapa juani si kwa bahati mbaya, la hasha, bali kwa mujibu wa mabadiliko. Ni kweli ukumbi una viti mia nne na feni nane, ni kweli soda zenu zimo ndani, ni kweli kikombe tulichokuja kukisherehekea kimo ndani juu ya meza yenye kitambaa cha kijani, na ni kweli pia kwamba mimi na Wakuu wa Vitengo tumejaribu funguo kumi na saba kati ya arobaini na moja tangu saa mbili na nusu, kwa zamu, kwa moyo wa timu, lakini nauliza, taasisi ya kisasa inapimwa kwa kuwa ndani au kwa kuwa na mwelekeo wa kuingia?

(Wakuu wa Vitengo wamepiga makofi. Mama mmoja mwenye leso kichwani, anayejulikana na kila mtu hapa kwa jina la Mama Funguo, amesogea mbele, akasema: "Mdogo wangu, kule ndani kuna...")

Maswali mwishoni, mama, maswali mwishoni.

Sasa naona wengi mmekuja na bahasha za kaki zenye vyeti, mmepiga viatu rangi, na pale nyuma namwona bwana aliyevaa tai ya kuazima, maana mwenye tai amesimama pembeni yake akisubiri zamu. Mlipokea barua inayowaalika kwenye kikao cha mwingiliano wa kimkakati baina ya vipaji na taasisi. Baadhi yenu mmedhani ni usaili. Sitawalaumu, kwa sababu kudhani ni dalili ya fikra huru, na fikra huru ilikuwa kipengele cha tisa cha tangazo letu.

Niwarudishe nyuma. Miezi kumi na minne iliyopita mtangulizi wangu, ambaye sasa amestaafu na anafuga kuku, aliniachia mezani kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli, nacho kilisema hivi, mniwie radhi kwa lugha nitakayoitumia mbele ya watu wazima: "Anatakiwa mtunza funguo. Awe mwaminifu, aamke mapema."

(Sauti kutoka katikati: "Kumbe ndiyo hiyo?" Sauti nyingine: "Mimi nimesafiri usiku kucha nikijua ni mambo ya kompyuta!")

Mwisho wa kunukuu. Maneno saba! Usiku ule sikupata usingizi. Mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, unaumwa?" Nikamwambia, mama watoto, nimeona tangazo la kazi ambalo mtu yeyote akilisoma anaelewa kazi yenyewe ni ipi, sasa heshima ya idara itabaki wapi? Akageukia ukutani, akalala. Ni mzito wa kuguswa, lakini ni mke mwema.

Na hapa niseme jambo ambalo wengi hamlijui. Kanuni zetu zinamruhusu Mkurugenzi Mkuu kumwajiri mtunza funguo kwa barua ya mstari mmoja, kwa mkono wake, bila tangazo, bila kamati, bila mimi. Bila mimi! Nikasema hapana, mstari mmoja ni aibu, siwezi kukaa ofisi yenye zulia halafu watu waajiriwe kwa mstari mmoja kama wanaitwa chakula. Ndipo nikaasisi, kwa ubunifu wangu mwenyewe na bila msaada wa mtu, Utaratibu wa Madawati Saba.

(Makofi kutoka kwa watu saba.)

Nawaona, kaeni. Utaratibu ni rahisi. Tangazo linapita madawati saba, kila dawati lazima liongeze angalau maneno matatu na liboreshe angalau neno moja lililopo, na hakuna dawati linaloruhusiwa kufuta neno la dawati jingine, kwa sababu kufuta ni kuingilia mamlaka. Basi Dawati la Mipango likaboresha "mtunza", likawa "Mratibu Mwandamizi". Dawati la Ubora likachukua lile neno "funguo", neno lenye kutu, likaliboresha kuwa "nyenzo za ufikivu". "Mwaminifu" akawa "mwenye uadilifu endelevu". "Aamke mapema" ikawa "proaktivu kuanzia ngazi ya alfajiri", na hapo mkuu wa dawati husika akalia, nami nikalia, tukapeana mikono. Dawati la Takwimu likazunguka jengo zima likahesabu milango yetu, lakini kwa kuwa hatuwezi kusema milango hadharani, wakaandika "sehemu-mguso arobaini na moja". Tangazo lilipofika dawati la sita, mkuu wake aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "Je, huyu tunayemtafuta ni dereva?" Dawati la saba halikutaka kubahatisha, likaongeza, "Awe na leseni ya udereva." Nami liliporudi mezani kwangu, ndugu zangu, nililisoma mara tatu, na mimi niliyekuwa najua ni kazi gani, sikujua tena ni kazi gani. Hapo nikajua tumefika.

(Vicheko. Mlango wa ukumbi umegongwa mara tatu, kutoka ndani.)

Asanteni kwa makofi. Naomba nilisome lote, mkipenda mnaweza kuvua kofia:

"Idara inayoongoza katika uongozi inamtafuta Mratibu Mwandamizi wa Kimkakati wa Mtiririko Jumuishi wa Ufikivu, mwenye shauku, ari, mori na hamasa, ambavyo ni vitu vinne tofauti na kila kimoja kitapimwa, dainamiki, proaktivu kuanzia ngazi ya alfajiri, mwenye uadilifu endelevu na fikra zilizo nje ya boksi lakini ndani ya mfumo, mwenye uwezo wa kufanya kazi peke yake akiwa ndani ya timu, chini ya shinikizo na juu ya matarajio, atakayeongeza thamani katika sehemu-mguso arobaini na moja kwa kutumia nyenzo za ufikivu, mwenye maono, mbobezi wa kuzama ndani ya changamoto na kuibuka na suluhisho, mwenye umri usiozidi miaka arobaini na mitano na uzoefu usiopungua ishirini, hasa katika mifumo iliyoanza mwaka jana, awe na leseni ya udereva, na atafanya kazi nyingine zozote atakazopangiwa na mkuu wake. Watakaochaguliwa tu ndio watakaojulishwa."

(Makofi marefu. Mzee mmoja muombaji amesema, "Nimelisoma kwa siku mbili, na leo tena sijaelewa, lakini ni tamu." Mlango umegongwa tena kutoka ndani, mara sita. Dereva amesema: "Jamani." Simu ya Naibu Mkurugenzi inaita.)

Samahani, ni simu. Naam, ni Mkurugenzi Mkuu mwenyewe ananipigia, bila shaka kunijulisha kwamba yuko njiani. Sitapokea, maana yeye mwenyewe alipoapishwa mwezi uliopita alisema anachukia watumishi wanaopokea simu kazini, na mimi ni mtumishi wa vitendo. Nimeikata.

Tuje kwenye takwimu. Tangazo lilitoka siku tisini. Tulipokea maombi mia tatu na kumi na mawili, sawa na asilimia mia moja ya maombi yote tuliyopokea. Kati ya waombaji, asilimia thelathini na moja hawakujua kazi ni ipi, asilimia ishirini na tisa walidhani wanajua, na asilimia arobaini walikuwa na uhakika, kila mmoja wa kwake. Tuna humu muuguzi aliyeamini tunafungua zahanati. Tuna kocha wa mpira aliyefuata neno timu. Tuna mhubiri aliyeitikia pale penye maono, karibu sana mtumishi. Na tuna mzamiaji, yule bwana mwenye mabega mapana, aliyesoma "kuzama" na "kuibuka" akaona moja kwa moja kwamba hatimaye kuna mtu amekumbuka fani yake. Alikuja na miwani ya majini ndani ya bahasha. Tumsifu.

(Mzamiaji amesimama, amepigiwa makofi. Ameuliza: "Kwani maji yako wapi?")

Usahihishaji ulifanywa kwa haki iliyopitiliza. Alama moja kwa kila neno la tangazo linalojitokeza kwenye barua ya maombi. Aliyeongoza ni mhubiri, ambaye alilinakili tangazo lenyewe lote, akaweka sahihi chini. Alama mia moja ishirini na tano. Hatujawahi kuona mtu anayetuelewa namna ile.

Na wa mwisho, naomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo uadilifu wangu unapong'ara hadi unaniumiza macho mwenyewe. Aliyeshika nafasi ya mia tatu na kumi na mbili, kwa alama sifuri, ni mwanamke ambaye penye swali la uzoefu, palipoachwa kurasa mbili nzima, aliandika maneno mawili tu: "Nafungua milango." Mawili! Na mwanamke huyo, mabibi na mabwana, ni dada yangu wa tumbo moja, huyu hapa mwenye leso, mnayemwita Mama Funguo.

(Minong'ono. Watu wamegeuka kumtazama Mama Funguo. Yeye amemtazama Naibu Mkurugenzi, akasema: "Chiriku, mdogo wangu, hebu shuka kwanza hapo." Vicheko vingi. Sauti: "Kumbe anaitwa Chiriku!")

Hilo ni jina la utotoni, karani usiliandike.

(Limeandikwa.)

Ndiyo, ni dada yangu. Alinibeba mgongoni. Mama yetu alipofariki ni yeye aliyeacha shule ili mimi niendelee, na siku niliyokuja hapa kwenye usaili wangu wa kwanza nikiwa nimechelewa dakika ishirini, ni yeye aliyenifungulia mlango wa nyuma akanisukuma ndani, akaniambia, "Nyoosha kola." Miaka kumi na tisa yuko hapa akiwa kibarua, kila mwezi anaandikiwa barua ya mwezi mmoja, kila alfajiri saa kumi na moja anafungua jengo hili, na siku aliyokuwa na homa wakaguzi wote walishinda barabarani na mizani yao mikononi. Je, nilimpendelea? Sikumpendelea! Wangapi hapa wanaweza kusimama na kusema wamemnyima kazi ndugu yao wa damu kwa kufuata mchakato? Nani? Anyooshe mkono!

(Hakuna aliyenyoosha mkono. Hakuna makofi pia. Mama Funguo amesema, bila kupaza sauti: "Ijumaa natimiza arobaini na tano. Ikipita Ijumaa siajiriki tena, sheria ndivyo inavyosema, na nitabaki kibarua mpaka nikunje mgongo. Leo Jumatano. Nilikuja kwako nyumbani mara tatu, ukaniambia andika maombi. Nikaandika. Sasa unanisema mbele za watu nimepata sifuri katika kazi ninayoifanya kila siku?" Muuguzi amemshika bega. Karani naye ameumia, na anaomba kumbukumbu zionyeshe hivyo.)

Dada, jazba haina alama. Nilikuuliza nyumbani, kwa upendo, kwa nini hukuandika hata "dainamiki"? Ukaniuliza kama ni ugonjwa.

(Vicheko. Mama Funguo naye amecheka, kisha amekasirika kwa kuwa amecheka.)

Niendelee na mafanikio. Wiki hii, katika kuupokea ushindi wetu, nilifanya maboresho makubwa ya nyenzo za ufikivu. Dada yangu alikuwa amefunga kwenye kila ufunguo kitambaa cha rangi, chekundu stoo ya mawe ya mizani, cha njano mlango wa tangi la maji, chenye maua ukumbi, chenye shimo chumba changu, mambo ya jikoni kabisa. Nikaagiza vitambaa vyote vikatwe na funguo zote ziwekwe kwenye karai moja. Kisha tukachapa lebo arobaini na moja za kisasa, Kitovu cha Mashirikiano, Kituo cha Uhifadhi Mahiri, Lango la Maono, na kadhalika, tukazifunga kwenye funguo hizo kwa mpangilio wa alfabeti.

(Sauti: "Alfabeti ya nini?")

Ya lebo. Funguo zenyewe hazina majina, ndugu, zingepangwaje? Leo asubuhi tulipojaribu ule ulioandikwa Kitovu cha Mashirikiano, ambacho ndicho ukumbi, ulifungua kabati la karani. Tumejifunza. Kujifunza ni safari.

Na ili safari ianze safi, nilitoa waraka kwamba kuanzia saa mbili kamili leo, mtu yeyote asiye Mratibu Mwandamizi asiguse nyenzo za ufikivu. Saa mbili kasoro dakika tano nikamwamuru dada yangu afunge sehemu-mguso zote na kukabidhi. Akafunga, akakabidhi, ila alisita kwenye ukumbi. Akaniambia, "Mdogo wangu, kuna mtu mle ndani, amelala kwenye kiti cha mbele." Nikamwambia, dada, usinitafutie sababu, jikite kwenye malengo, funga.

(Mlango umegongwa kwa nguvu, kutoka ndani, mfululizo. Uani pote kimya. Dereva amesema kwa sauti: "Si nimesema! Nilimleta saa moja, akasema anapumzika humo akisubiri shughuli!" Wakuu wa Vitengo wameanza kurudi nyuma polepole. Naibu Mkurugenzi, aliyekuwa akinywa maji, hakusikia. Simu yake inaita kwa mara ya tatu. Ameikata.)

Mnanyamaza kwa hisia, nawaelewa. Basi nihitimishe kwa kaulimbiu, na nataka sauti iwafikie hata wale waliotuma udhuru. Nikisema Ufikivu, mnasema Jumuishi! Ufikivu!

(Waombaji: "Jumuishi!" Kutoka ndani ya ukumbi: "Nifungulieni!")

Safi sana, hata mwangwi unaitika! Vipaji!

(Waombaji: "Vipo!" Kutoka ndani: "Mlango!")

Dainamiki!

(Mhubiri peke yake: "Amina.")

Nawashukuru. Nakishukuru Chama cha Waandishi wa Matangazo ya Ajira kwa kututunuku Kikombe cha Tangazo Bora, ambacho mtakiona punde tutakapoingia. Nayashukuru madawati saba. Najishukuru mimi. Na zaidi ya yote nawashukuru nyinyi waombaji mia tatu na kumi na wawili kwa kujitoa kwa moyo mmoja, kwa vyeti mlivyonakilisha, kwa tai mlizoazimana, kwa ajili ya nafasi ambayo, kama mnavyofahamu, haipo.

(Sauti kadhaa: "Haipo?")

Haipo, na haikuwahi kuwepo. Nilipolipeleka tangazo kwa wanaoidhinisha ajira, walitafuta kwenye orodha yao ya kada zote, hawakumwona Mratibu Mwandamizi wa Kimkakati wa Mtiririko Jumuishi wa Ufikivu, wakaandika, "Hakuna kazi kama hii." Ningeweza kurudisha yale maneno saba, na nafasi ingepatikana siku hiyo hiyo. Lakini ndugu zangu, kikombe! Tangazo lilikuwa limeshaingia fainali! Kilichokuwepo siku zote ni tangazo, na tangazo limeshinda, kwa hiyo sote tumeshinda. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Rabsha. Bahasha za kaki zimerushwa hewani. Mwenye tai amemvua mwenzake tai yake papo hapo. Mzamiaji amekaa chini, ameshika miwani yake. Kocha amepiga filimbi, hakuna anayejua kwa nini, na watu wote wakanyamaza. Ndipo sauti kutoka ndani ya ukumbi ikasikika wazi: "Mimi ni Mkurugenzi Mkuu! Niko humu tangu saa moja, nina haja, na nimeisikia hotuba yote!")

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu! Mgeni Rasmi! Karibu. Yaani, karibu huko huko uliko. Kumbe ulikuwa nasi, tena ndani ya Kitovu cha Mashirikiano, hatua mbele yetu kama kawaida yako. Wakuu wa Vitengo, leteni karai, tumebakiza nyenzo ishirini na nne tu, kila moja ikichukua dakika...

(Kutoka ndani: "Sina dakika! Hapo nje nani anaweza kuufungua mlango huu?" Waombaji wote, kwa pamoja, kwa sauti kubwa kuliko kaulimbiu zote: "Mama Funguo!")

Mheshimiwa, kwa mujibu wa waraka, huyo hana...

(Mama Funguo amefika mlangoni. Amesema: "Shikamoo, mkubwa." Kutoka ndani: "Marahaba, mama. Fungua." Mama Funguo: "Ningependa sana. Lakini nimekatazwa kugusa funguo, na kibarua changu kimekwisha saa mbili. Sasa hivi mimi ni mpita njia." Kutoka ndani: "Mama, nakuomba." Mama Funguo: "Mkubwa, miaka kumi na tisa na mimi naomba." Kisha amesema: "Nikiwa mwajiriwa, nafungua sasa hivi.")

Dada! Unamwekea masharti Mkurugenzi Mkuu? Mheshimiwa, naomba nikuhakikishie kwamba ajira yoyote lazima ipite madawati sa...

(Kutoka ndani: "Wewe Chiriku, nyamaza." Ameomba karatasi. Karatasi pekee iliyomo ukumbini ni lile tangazo lenyewe, lililochapwa kwa herufi za dhahabu na kutundikwa nyuma ya kikombe. Limesikika likichanwa ukutani. Baada ya muda mfupi sana limepenyezwa chini ya mlango, maandishi yakiwa upande wa nyuma. Mama Funguo ameliokota, akamkabidhi mdogo wake: "Soma wewe, mimi sikuchukua miwani.")

Naona... ni mwandiko wa Mheshimiwa, upo, na sahihi ipo, na tarehe ni ya leo, Jumatano. Inasema, "Mtunza funguo ameajiriwa kuanzia leo. Afungue." Ndiyo basi. Imeishia hapo. Mheshimiwa, kwa unyenyekevu mkubwa, maneno sita! Hata "jumuishi" hamna! Walau tuongeze...

(Mama Funguo amechukua karatasi kutoka mkononi mwake, ameikunja mara nne, ameiweka kifuani. Machozi yanamtoka na anacheka, vyote kwa wakati mmoja. Ameingiza mkono kwenye karai bila kutazama, akapapasa meno ya funguo kwa kidole gumba, akaacha mmoja, akaacha wa pili, akatoa wa tatu. Lebo yake imeandikwa Kituo cha Uhifadhi Mahiri. Ameunyanyua mlango kidogo kwa goti, akazungusha, mlango ukafunguka. Shangwe. Mkurugenzi Mkuu ametoka mbio bila kusalimia mtu, akielekea upande wa choo. Mama Funguo amechopoa ufunguo mwingine karaini, akakimbia kumtangulia, maana choo nacho kimefungwa. Ameshinda kwa hatua mbili.)

Ndugu zangu, kama mlivyoshuhudia, huu ni ushahidi hai kwamba mfumo wetu unafanya kazi, na naomba sifa ziende pale zinapo...

(Hakuna anayesikiliza. Mama Funguo amerudi, amesimama mlangoni kwa mara ya kwanza akiwa mwajiriwa, akiwakaribisha waombaji mmoja mmoja: "Pita, mwanangu. Pita, mtumishi. Pole, baba, kapoze koo." Muuguzi amesema, "Angalau mmoja wetu kapata," na wamempongeza kama wamepata wote. Karani pia amekaribishwa, na sasa anaandika akiwa amekaa chini ya feni, na soda. Naibu Mkurugenzi amebaki uani peke yake, juu ya mizani.)

...na kwa hayo machache, naomba kushuka. Wakuu wa Vitengo? Jamani?

(Ameshuka. Amenyoosha kola. Amefika mlangoni, na mlango ukafungwa taratibu mbele ya pua yake. Ufunguo umezunguka.)

Dada? Dada, ni mimi, mdogo wako. Kikombe ni changu, dada. Hodi!

(Mama Funguo, kutoka ndani: "Maombi yako yamepokelewa, Chiriku. Watakaochaguliwa tu ndio watakaojulishwa.")